Mzazi Asiyepelekewa Uji

Mtaa wa Kaloleni, pale Voi, hakuna mwanamke aliyezaa miaka thelathini hii akakosa kupitia mikononi mwa Mwanatumu. Anayetaka kubisha na abishe. Waislamu kwa Wakristo, Wadawida, Wakamba, hata Waluhya wa kota za reli waliokuja na desturi zao kutoka magharibi, wote walikuwa wakimtumia mtu mbio: mzazi wetu amejifungua, njoo umkande. Naye huenda na kitambaa chake na chupa ya mafuta ya simsim, huteleka maji yakachemka, humkanda mzazi mgongo na nyonga na miguu, humfunga mkaja tumboni ukakaza, kisha huondoka akiwa ameacha amri. Siku arobaini usivuke kizingiti, usiinue hata sufuria. Alikuwa na msemo wake kwamba mikono yake inasikia, yaani inajua penye maumivu kabla mwenyewe hajasema. Watu wakamsadiki, na yeye akajisadiki zaidi yao. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Basi mwaka huu akajifungua Nuha, mke wa mwanawe wa pekee, Mansur. Kwa desturi mimba ya kwanza mtu huenda kujifungulia kwao, lakini mama yake Nuha alikwisha fariki huko Mwatate, kwa hiyo uzazi ule ukamwangukia mama mkwe, naye akaupokea kwa furaha isiyo kifani. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti. Nuha akawekwa chumba cha ndani na kila kitu kikamfuata kitandani: uji wa pilipili manga, supu ya kuku, maji ya kunawa, mpaka mswaki. Hakukanyaga chini ila kwenda msalani, na hata huko alisindikizwa. Majirani wakasema mzazi wa Mwanatumu analelewa kama yai.

Siku ya tisa mguu wa kushoto ukaanza kuvimba. Ulianzia kifundoni, ukapanda shavu la mguu, ukafika pajani, wa moto na mzito. Mwanatumu alipouona hakushtuka. Ni baridi imeingia, akasema, na dawa ya baridi ni maji ya moto na mkono. Akaukanda asubuhi na jioni, siku tatu, kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu zake zote. Siku ya pili Nuha alimshika mkono akamwambia, "Mama, inatosha, unaniumiza." Mwanatumu akautoa ule mkono taratibu, akamwambia avumilie, uzazi si lelemama, akaendelea.

Siku ya kumi na mbili Mansur alirudi kutoka Mwatate, alikokaa siku kadhaa kwa kazi yake ya ufundi wa pampu za maji, akaingia kumjulia mkewe hali na kuukuta mguu umegeuka rangi, umeiva kwa wekundu unaoelekea buluu. Akaita tuktuk.

Hospitalini walimpaka Nuha ute baridi mguuni na kumpitishia mashine, na daktari, dada mmoja wa Kikamba aitwaye Kathini, akawaonyesha kwenye kioo mahali damu ilipoganda ndani ya mshipa, donge refu kutoka nyuma ya goti mpaka pajani. Akaeleza kwamba mwanamke aliyejifungua damu yake huwa nyepesi kuganda, na akilala muda mrefu huganda zaidi. Kisha akauliza kama kuna mtu amekuwa akiukanda. Mwanatumu akasema ni yeye.

Kathini hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. Alisema tu kwamba donge kama lile likikatika kipande huenda mpaka kwenye mapafu, na mtu anaweza kukata roho kabla hajafikishwa getini. Mwanatumu alikaa kwenye benchi la nje mpaka adhuhuri na ile chupa ya simsim kwenye mkoba. Alikuwa na miaka sitini na minne na hajawahi kuogopa mikono yake mwenyewe.

Nuha akachomwa sindano za tumboni kila siku, akaanzishiwa vidonge vya kuzuia damu isizidi kuganda, akavishwa soksi ndefu ya kubana. Maumivu yalipotulia kidogo daktari akasema sasa mgonjwa ainuke atembee. Hapo Mwanatumu alishindwa kunyamaza. Akauliza, na mimi naona aliuliza swali la maana kuliko wote waliokuwa mle wodini: ikiwa kutembea kunaisukuma damu, na yeye alikuwa akiisukuma kwa mkono, tofauti iko wapi?

"Wewe ulikuwa unalibonyeza donge lenyewe, na hakuwa na dawa mwilini," Kathini akamjibu. "Sasa dawa imelizuia lisikue, na mwili unaliyeyusha polepole. Akitembea, nyama ya mguu inakamua damu ipande kwa ndani, na uvimbe unashuka. Mwenyewe akisikia unauma anapunguza. Mkono wa mtu mwingine hausikii, mama."

Lile neno la mwisho lilimchoma Mwanatumu, ingawa daktari hakujua amegusa nini.

Siku ya kumi na nane Nuha akarudi nyumbani na karatasi ya maagizo. Azungushe vifundo vya miguu kitandani, asimame apandishe visigino na kuvishusha, atembee mara nyingi kila siku na aongeze kidogo kidogo, asiache vidonge, aende kupimwa damu kila wiki. Pumzi ikikata, kifua kikiuma, au damu ikimtoka ovyo, akimbizwe hospitali hata kama ni usiku wa manane. Nuha katika yote hayo alishika moja tu, kwamba donge linaweza kwenda kwenye mapafu. Akalala chali, mguu juu ya mito miwili, asiusogeze hata kwa kujikuna. Alikuwa na hakika kwamba akiutikisa litakatika, na mwanawe atalelewa na mtu mwingine.

Mwanatumu alijaribu kumbembeleza, akamsomea ile karatasi neno kwa neno. Nuha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hata kukanda ulisema ni dawa, Mama."

Mwanatumu akatoka na karatasi yake. Kuna neno moja alitakiwa kulisema tangu siku ya hospitali, nalo hakulisema. Mwanamke aliyesifiwa miaka thelathini hajui mahali pa kuanzia kuomba radhi. Na tangu siku hiyo ya hospitali Nuha hakumruhusu amguse. Akitaka kumsaidia kukaa, Nuha hujivuta mwenyewe akishikilia ubao wa kitanda. Akimpokea mtoto, hupokea bila vidole vyao kukutana. Na Mansur naye akamwomba mama yake, kwa adabu lakini kwa jicho kavu, amwache mkewe apumzike.

Siku mbili zikapita, mguu ukakataa kupungua. Mwanatumu alikuwa akimpelekea uji kitandani, akampelekea maji, akampelekea mtoto, akamtolea vyombo, na katika kwenda na kurudi huko akagundua jambo lililomfanya asimame katikati ya uwanja na bakuli mkononi. Aliyekuwa akitembea nyumba nzima ni yeye. Miguu yake mizima ndiyo iliyokuwa ikifanya mazoezi ya mgonjwa. Kila bakuli alilopeleka lilikuwa linazidi kumfunga Nuha kitandani.

Hakumwambia mtu. Alijitanda buibui akaenda hospitali kwa miguu, akangoja saa mbili mpaka Kathini alipotoka wodini, akamuuliza jambo moja. Je, asipompelekea kitu, akamwacha ainuke kukifuata, atamuua? Kathini akasema hapana, kwa dawa ile anayomeza hapana, kumpelekea kila kitu ndiko kunakomchelewesha. Mwanatumu akamtaka arudie. Akarudia.

Sasa ujue hili ni jambo gani kwa watu wetu. Mama mkwe asiyempelekea mzazi uji! Mke wa mwana akiwa ndani ya arobaini ni malkia, na ukoo mzima hupimwa kwa jinsi anavyotumikiwa. Watu husahau harusi yako, lakini hawasahau kwamba mkeo aliosha vikombe siku ya ishirini. Mwanatumu aliyajua hayo kuliko yeyote, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwasema wengine. Akapiga moyo konde.

Siku ya ishirini na moja, Mansur alipokwisha kwenda kazini, alimwogesha mtoto na kukaa naye jikoni. Na jikoni pao ni kule mwisho wa uwanja, mbali na chumba cha ndani kadiri ya hatua ishirini na tano. Mtoto akaamka akalia njaa. Nuha akaita kutoka ndani, "Mama, niletee mtoto." Mwanatumu hakuitika. Mtoto akalia zaidi. Nuha akaita tena, mara hii kwa hasira. Mwanatumu alimpakata mjukuu wake, machozi yanamtoka, midomo imefungwa, anamtikisa taratibu na kumwomba Mungu asije akawa anakosea mara ya pili.

Kisha akasikia champali. Moja ikagonga sakafu, kimya, ikagonga tena. Nuha alikuja ameshika ukuta, kanga imemporomoka kichwani, jasho linamtiririka, anavuta ule mguu wa soksi. Mwanatumu hakuangalia mguu, aliangalia kifua, jinsi kinavyopanda na kushuka, kama pumzi inakuja sawasawa. Ilikuwa inakuja. Nuha akafika mlangoni pa jikoni, akashika kizingiti cha juu, akamwambia kwamba hakudhani ana roho mbaya kiasi kile. Akamchukua mwanawe. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi akanyonyesha pale pale, akilia kwa uchungu na hasira.

Hakufa. Alipomaliza alirudi chumbani kwa miguu yake, na hakuna aliyemsindikiza.

Kuanzia siku hiyo hakuna kilichofuata mtu kitandani. Uji ulikuwa jikoni. Ndoo ya maji ilikuwa bafuni. Kanga safi zilikuwa kwenye kamba upande wa pili wa uwanja, na dawa tu ndiyo iliyobaki mkononi mwa Nuha. Mansur aliporudi jioni akamkuta mkewe anavuka uwanja na bakuli huku mama yake ameketi amekunja mikono, aliuliza kama mama amechoka na mke wake. Mwanatumu akamjibu kwamba amechoka kumbeba, na ajibebe. Mansur akasema maneno ambayo mwana hapaswi kumwambia mzazi, na Mwanatumu akayameza. Angemweleza ya daktari, lakini aliona vibaya kujitetea.

Uwanja ule una ukuta mfupi, na Kaloleni ina macho. Haikupita wiki habari ikafika sokoni: Mwanatumu amemtupa mzazi, anamwacha ajichotee maji na mguu wake mgonjwa. Mwanamke mmoja wa Birikani aliyekuwa amemwita amkande binti yake akatuma salamu kwamba hapana haja tena. Mwanatumu aliyasikia yote. Akatia pamba masikioni akawa anahesabu champali. Siku ya kwanza Nuha alivuka uwanja mara nne. Siku ya nne, mara kumi na moja. Siku ya saba alivuka mara ishirini, na mara nyingine hakuwa amefuata kitu chochote, alikuwa anazunguka tu huku anapandisha visigino penye kivuli cha ukuta. Alikuwa bado hamsemeshi mama mkwe ila kwa la lazima. Lakini alikuwa anatembea, na Mwanatumu alisema moyoni, nichukie, mwanangu, nichukie ukiwa umesimama.

Siku ya ishirini na nane Mansur aliwapeleka hospitali kupimwa. Kathini akauzungushia mguu futi ya fundi cherehani, akacheka kwa furaha, umepungua vidole viwili pajani. Akasema uwanja sasa umekuwa mdogo, atoke barabarani, atembee nusu saa. Waliporudi hakuna aliyeligusa hilo. Kwenda hospitali ni dharura, lakini kutembea tu barabarani, watu wanakuona, kabla ya arobaini? Hata Mwanatumu, pamoja na ukali wake wote, hapo mkono ulimwishia. Alikuwa amevunja nusu ya desturi yake, na nusu iliyobaki ilimshinda.

Siku ya thelathini na moja, mnamo saa nne asubuhi, akaja Kavetsa wa kota za reli. Mwanatumu alikuwa barazani anachambua mchele. Kavetsa hakukaa. Alisema mke wa mwanawe Chrispine, yule Branice, amezaa wiki iliyopita, na tangu juzi mguu yake imefura mpaka hapa, ni moto, na usiku hakulala. Akaomba waende sasa hivi amkande.

Mwanatumu akauweka ungo chini. "Siukandi," akasema. "Na wewe usiuguse. Asiinuke kutembea pia, abebwe apelekwe hospitali sasa hivi."

Kavetsa alidhani anaringa. Akamwambia, si kwa ubaya lakini kwa uchungu, kwamba watu wanaongea, wanasema amemchoka mkwe wake mwenyewe, na yeye amekuwa akimtetea. Sasa ataambia watu nini, kwamba hata wa nje anawakataa?

Mwanatumu akasimama. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na ndoo walisimama pia, kwa kuwa sauti yake haikuwa ya kuficha.

"Waambie mguu wa Nuha niliukanda mimi, siku tatu. Damu ilikuwa imeganda ndani. Aliniambia inatosha, na mimi nikaendelea. Kidogo nimuue mtoto wa watu kwa mikono hii. Nilimkosea, na sijamwambia. Waambie hivyo, Mama Chrispine."

Nyuma ya Mwanatumu, ndani ya mlango, Nuha alikuwa amesimama na mtoto begani. Alikuwa kwenye mzunguko wake wa kumi asubuhi ile, na alisikia kila neno. Hakulia. Aliutazama mgongo wa mama mkwe wake, ule mgongo uliokuwa umejikunja kidogo, kama wa mtu anayengoja kupigwa. Kisha akavuka kizingiti, akatoka barazani kwenye jua, watu wakimwona, na arobaini yake ikiwa bado siku tisa.

Akalipandisha dera mpaka gotini akamwonyesha Kavetsa soksi. Akamwambia mguu ni huu, ulikuwa mara mbili ya hivi, na haukupona kwa kukandwa, ulipona kwa dawa na kutembezwa. Kavetsa, sasa akiwa na hofu ya kweli, alisema Branice anaogopa hospitali, amekataa katakata, alikubali Mwanatumu tu.

Mwanatumu akasema atakwenda yeye kumwambia.

"Ukienda wewe watakupa mguu uukande," Nuha akasema. "Nitakwenda mimi. Mimi nina wa kuwaonyesha."

Kavetsa akatangulia mbio kutafuta tuktuk. Mwanatumu akamfunga mjukuu mgongoni kwa leso, wakashika njia. Kutoka pale mpaka kota za reli si mbali kwa mtu mzima, mwendo wa dakika kumi, lakini Nuha hakuwa ametembea mwendo huo tangu azae, na jua la Voi mnalijua. Vumbi jekundu liliwapanda miguuni. Watu waliwatazama kutoka milangoni, mzazi wa siku thelathini na moja anatembea barabarani mchana kweupe na mkwewe nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Nuha alipunguza mwendo mara mbili, akaanza tena. Mwanatumu alikuwa hatua moja nyuma, mikono ameishika nyuma chini ya mtoto, ili isije ikamponyoka ikamsaidia mtu asiyetaka msaada.

Walipofika kwenye reli ya zamani, pale penye mteremko wa kokoto, Nuha akasimama. Ng'ambo tuktuk ilikuwa imekwisha fika mlangoni kwa Branice.

"Mama, haya mawe yanateleza," akasema bila kugeuka. "Nishike."

Mwanatumu hakuwa amemgusa kwa karibu siku ishirini. Akaufuta mkono kwenye leso kwanza, akaunyoosha.

"Usinibane," Nuha akamwambia.

"Sikubani, mwanangu."

Na kweli hakubana. Aliuacha mkono wake umelegea, wa kushikwa tu, na wakapanda zile kokoto hatua kwa hatua mpaka juu ya mataruma ya reli. Aliyebana alikuwa Nuha.